Chakula cha Mchana Mwezi wa Ramadhani

Kila mzazi amjua mtoto afungaye kwa mara ya kwanza: asubuhi hujigamba kwa majirani, alasiri amelala barazani. Katika Albania ya miaka ya sabini, majigambo hayo yangeweza kuwatia wazazi wake matatani.

Mwaka 1967 serikali ya Enver Hoxha ilifunga misikiti, makanisa na zawiya, jumla zaidi ya 2,000. Mengine yalibomolewa, mengine yakageuzwa maghala. Katiba ya mwaka 1976 ikatamka kwamba dola haitambui dini yoyote. Lakini kufunga mlango wa msikiti ni jambo jepesi. Kuijua nia iliyomo moyoni mwa mtu ndiyo kazi. Basi mwezi wa Ramadhani, na vilevile katika siku za mfungo wa Wakristo, walioshukiwa kuwa wamefunga waliwekewa chakula shuleni na kazini. Aliyekataa kula alishutumiwa hadharani.

Jicho la serikali lilikuwa Sigurimi, polisi wa siri, lakini masikio yake yalikuwa watu wa kawaida: jirani, mfanyakazi mwenzi, pengine hata jamaa. Kila ukoo ulikuwa na kumbukumbu zake, zikiitwa "biografi". Ami akishitakiwa kwa neno alilolisema, mpwa hakosi kulipia: huenda akanyimwa chuo kikuu, au nyumba nzima ikahamishiwa kijiji cha mbali. Kifungu cha 55 cha sheria ya jinai kiliadhibu "uchochezi na propaganda" dhidi ya dola, na kulalamikia uhaba wa chakula kuliweza kuhesabiwa humo. Naona ubaya mkubwa wa utawala ule haukuwa jela zake, ingawa zilikuwa kali, bali ni kule kumfanya mzazi amwogope mwanawe mwenyewe, kwa kuwa mtoto hajui kuficha.

Mengine yalifanywa na propaganda. Juu ya mlima Shpirag, karibu na mji wa Berat, jina ENVER liliandikwa kwa herufi kubwa mno za mawe. Mahandaki ya saruji yalijengwa kwa makumi ya maelfu nchini kote kumngojea adui ambaye hakufika. Raia aliyapita kila siku, akakumbushwa kuogopa.

Mjini Tirana lipo jengo liitwalo Nyumba ya Majani. Lilijengwa mwaka 1931 liwe zahanati ya kuzalia. Baadaye Sigurimi wakalitumia kusikilizia mazungumzo ya watu. Tangu mwaka 2017 ni makumbusho, na vinasa sauti vilivyokuwa vikifichwa majumbani vimewekwa humo, kila mtu avitazame.

Hoxha alifariki mwaka 1985. Tarehe 16 Novemba 1990, katika mji wa Shkodër, Hafidh Sabri Koçi, aliyekaa kifungoni miaka mingi, aliwaongoza maelfu kuswali katika Msikiti wa Risasi, ulioitwa hivyo kwa madini yaliyofunika makuba yake. Kijana wa miaka 23 aliyesimama safuni siku ile alizaliwa mwaka uleule misikiti ilipofungwa.