Saa ya Basketi Ikipunguzwa, Mtoto Wetu Atafanya Nini?



Katika mkutano wetu uliopita, mama mmoja alituletea swali. Binti yake anacheza basketi shuleni, ni mrefu, anasoma vizuri, na ndoto yake ni kupata burse ya chuo kikuu cha Marekani kwa njia ya mchezo huo. Mama huyo alikuwa amesikia kwamba huko watu wanabishana juu ya kupunguza sekunde za kurusha mpira. Akauliza: "Wakipunguza, mlango wa mtoto wangu utafunguka au utafungwa?" Wengi wetu tulinyamaza, maana hatukujua hata hizo sekunde ni za nini. Basi tumeulizia, tumesoma, na leo tunaleta jibu.

Katika basketi, ekipe yenye mpira hairuhusiwi kukaa nao inavyopenda. Juu ya kikapu kuna saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma. Ikifika sifuri na mpira haujarushwa, mpira unapewa wapinzani.

Zamani saa hiyo haikuwepo. Ekipe ikiwa mbele kwa pointi mbili ilikuwa inapitishiana mpira tu mpaka mechi iishe. Tarehe 22 Novemba 1950, katika ligi ya kulipwa ya Marekani, Fort Wayne waliwashinda Minneapolis kwa pointi 19 kwa 18, mechi nzima! Watazamaji walichoka. Mwaka 1954 ligi hiyo ikaweka saa ya sekunde 24.

Vyuo vikuu vilikawia, lakini angalieni nani alitangulia. Wasichana wa vyuo walianza rasmi kucheza na saa ya sekunde 30 katika msimu wa 1970-71. Wavulana walipata saa yao msimu wa 1985-86, miaka 15 baadaye, nayo ilikuwa ya sekunde 45. Msimu wa 1993-94 ikashuka kuwa 35, na msimu wa 2015-16 ikafika 30. Kwa hiyo wanaume walichukua miaka 45 kufika pale wanawake walipokuwa wamesimama tangu mwanzo. Mkisikia mtu anasema wasichana hawawezi mchezo wa mbio, mjibuni kwa tarehe hizo.

Sasa, sekunde zikipungua, kunabadilika nini? Tufanye hesabu kama tunavyofanya ya soko. Mechi ya chuo ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Kama kila ekipe inatumia sekunde zake zote, kwa saa ya 30 kuna zamu 80, yaani 40 kwa kila upande. Kwa saa ya 24 zinakuwa zamu 100, yaani 50 kwa kila upande. Kwa kweli ekipe nyingi hurusha kabla saa haijaisha, kwa hiyo tofauti ni ndogo kuliko hiyo. Lakini njia ni ileile: saa fupi huleta zamu nyingi.

Zamu nyingi si habari njema kwa kila mtu. Ekipe dhaifu hupenda mechi yenye zamu chache, maana bahati inaweza kuibeba. Ni kama kuuza mandazi: siku moja hata asiyejua kupika anaweza kumaliza beseni, lakini ukihesabu mwezi mzima, mwenye kujua kazi anaonekana. Vyuo vidogo, visivyo na wachezaji wakubwa, vimewahi kuvishinda vyuo vikubwa kwa kushika mpira polepole na kungoja nafasi nzuri. Ukikata sekunde, unawanyang'anya kinga hiyo.

Kuna na jambo la pumzi. Mbio zikiongezeka, wachezaji watano hawatoshi. Kochi anahitaji wanane au tisa wanaoweza kuingia bila ekipe kuanguka. Chuo tajiri kinawapata kwa urahisi. Chuo kidogo kinahangaika. Lakini kwa mtoto anayekaa benchi, hiyo ni nafasi ya kuingia uwanjani.

Mabishano yao yanafanana na methali zetu mbili. Makochi wanaopenda saa ndefu wanasema haraka haraka haina baraka: wanafunzi bado wanajifunza, ukiwabana watarusha ovyo na kupoteza mipira. Wanaopenda saa fupi wanajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wavulana waliposhushwa kutoka 35 hadi 30, wastani wa pointi za kila ekipe kwa mechi ulipanda kutoka karibu 68 hadi karibu 73. Lakini tusiipe saa sifa zote, maana msimu huohuo waamuzi waliambiwa wawe wakali zaidi kwa wachezaji wanaosukuma na kushika.

Njia hiyo watoto wa Kongo wameipita. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alichezea Georgetown wakati saa ilikuwa sekunde 45. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alichezea Kentucky kwa saa ya 30, na mwaka 2022 akapewa tuzo za mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Nguvu yake ilikuwa kuokota mipira iliyokosa kikapu, zaidi ya 15 kwa kila mechi msimu ule. Zamu zikiongezeka, mipira inayokosa huongezeka pia, na mwenye kujua kuiokota hakosi kazi.

Turudi kwa mama yetu. Sheria za kimataifa za basketi zinatumia sekunde 24 tangu mwaka 2000. Vyuo vya Marekani vikishuka mpaka 24, vitakuwa vinaifuata saa ambayo dunia nyingine imeshaizoea. Mtoto aliyelelewa kwa saa hiyo hatakuwa mgeni. Mlango wake haufungwi. Huenda ukafunguka zaidi.

Shida iko kwetu. Kwenye viwanja vingi vya shule zetu hakuna saa kabisa. Mtoto anadunda mpira mpaka achoke, hakuna anayemhesabia. Siku akiwekwa mbele ya saa, anashikwa na woga na kurusha mpira hewani. Kwa hiyo tunapendekeza jambo lisilo na bei: mama au dada mmoja asimame pembeni ya kiwanja na kuhesabu kwa sauti kutoka 24 hadi sifuri, kwa simu au kwa kinywa. Msimwambie mtoto tu "harakisha". Mfundisheni kuinua macho mapema, aone mwenzake yuko wapi, aamue kabla ya kubanwa. Mwenye kuamua mapema hana haja ya kukimbia kama mwizi.

Na tusisahau kwamba burse ni ya masomo. Mutombo alifika Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Alimaliza mwaka 1991 na diploma ya isimu na diplomasia, ndipo akaenda kucheza kwa kulipwa. Udaktari haukuwa, lakini mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa ilifunguliwa, nayo ina jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki mwaka 2024, na hospitali bado ina jina hilo la mama.

Kwa hiyo, mtu akija na ahadi ya kumpeleka mtoto wako ng'ambo kwa sababu ya mpira, usimuulize tu juu ya uwanja. Muulize: atasoma nini? Barua ya chuo iko wapi? Akiumia goti, masomo yanalipwa na nani? Anayekwambia utoe pesa leo kwa sababu muda unakwisha, mwache aende. Sekunde 24 ni za kiwanjani. Kwa maisha ya mtoto, mama ana haki ya kuchukua muda wake.

Jumamosi tutakuwa pembeni ya kiwanja kuhesabu pamoja. Mama mwenye saa ya mkono, aje nayo.