Injini Isiyowaka (4): Mkono Uliokuwa Kipimo

Tangu Ethiopia ilipotangaza mwaka 2024 kuzuia kuingizwa kwa magari binafsi ya petroli na dizeli, mjadala wa magari ya umeme umepamba moto katika nchi zetu, na wapo wanaoona kwamba somo letu la injini isiyowaka limepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Magari mengi ya umeme, pamoja na betri yake kubwa, hubeba betri ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta na kuunganisha umeme mkubwa; ikifa hiyo, gari halisogei hata kama betri kubwa imejaa pomoni. Kinachohitajika kote kuwili ni kilekile, nacho ni fundi anayepima kabla ya kubadilisha kifaa. Tabia hiyo tulikuwa nayo, na historia inaonyesha ilivyotuponyoka.

Kabla ya 1912, aliyetaka kuwasha gari la petroli kwa kawaida alisimama mbele yake, akachomeka hendeli na kuizungusha injini kwa nguvu zake mwenyewe. Kazi ile ilikuwa ya hatari. Cheche ikija mapema, kabla pistoni haijafika juu, injini iliruka kinyume na hendeli ikavunja mkono. Ndiyo maana dereva wa Ford Model T alifundishwa kwanza kuichelewesha cheche kwa wenzo uliokuwa kushoto mwa usukani, kisha aishike hendeli bila kuizungushia dole gumba. Waliojiweza waliikwepa adha hiyo kwa kununua gari la umeme. Hata Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha Detroit Electric. Lakini mkono huo uliokuwa hatarini ulikuwa pia kipimo. Katika injini ya silinda nne, kila nusu mzunguko huleta mgandamizo mmoja, na mzungushaji aliuhisi hadi begani: mzito, mzito, mzito, kisha mmoja mwepesi, akajua kuna silinda inayovuja kabla hajagusa spana. Injini iliyokwama ilimkatalia palepale. Iliyozunguka vizuri bila kuwaka ilimwelekeza kwenye plagi na petroli.

Charles Kettering wa Dayton, Ohio, alikuwa ameshatengeneza mota ya umeme ya kuendeshea mashine za kupokelea fedha madukani, na huko alijifunza jambo zito. Mota inayofanya kazi sekunde chache tu inaweza kubebeshwa mzigo unaozidi uwezo wake wa kudumu, mradi ipumzike kabla haijaungua. Kwa kanuni hiyo alitengeneza stata, yaani mota ya kuizungusha injini badala ya mkono, ikafungwa kwenye Cadillac za 1912, na mota hiyo ndogo ya umeme ikachangia kuyaondoa magari ya umeme barabarani kwa miongo mingi. Iliokoa mikono ya watu, na kwa hilo Kettering anastahili heshima kubwa. Hata hivyo, maswali yote ambayo mkono uliyajibu moja baada ya jingine yalifichwa nyuma ya swichi moja, na hapo kubahatisha kukapata mlango. Gari haliwaki, inabadilishwa betri. Bado, inabadilishwa stata. Bado, pampu ya mafuta. Mwenye gari analipia kila dhana ya fundi, na hiyo ni dhuluma hata ikifanywa kwa nia njema.

Nitaambiwa kwamba siku hizi kompyuta ya gari husema yenyewe. Husema, lakini si yote. Msimbo wa hitilafu hutaja saketi ambayo ishara yake imetoka nje ya mipaka, wala hauthibitishi kama kilichokufa ni kihisio, waya au kiunganishi, na waya wa ethi ulioliwa na kutu unaweza kuinyima stata nguvu bila msimbo wowote kuandikwa. Wengine watasema fundi wa kando ya barabara hana muda wala vifaa. Mita ya kupimia volti ni ya bei ndogo kuliko stata, na kipimo chenyewe hakimalizi dakika tano.

Betri ya kawaida ya gari iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Mwenzako apige stata huku ukiitazama mita: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi. Ikibaki juu na stata inajikokota au inagonga tu, gusa waya mmoja wa mita kwenye kichwa chenyewe cha betri na mwingine kwenye klampu inayokibana, stata ipigwe tena. Sehemu hizo mbili zinagusana, kwa hiyo mita ingepaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, tatizo ni ule unga mweupe wa kutu uliojificha katikati, na brashi ya waya inatosha. Rudia hivyohivyo kati ya kichwa hasi cha betri na bloku ya injini. Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida na bado isiwake, betri na stata zimeshajitoa lawamani, na zamu inakuwa ya cheche na petroli, ambazo tutaziangalia katika toleo lijalo.