MKONO WA KULIA NA MWENDO WA PIKIPIKI KATIKA VILIMA VYA SOTIK

Mtu atokaye Sotik kwenda Kericho kwa pikipiki husafiri kama kilomita 50, akipita Kaplong, Kapkatet na Litein, na katika safari hiyo yote mkono wake wa kulia haupati hata dakika moja ya kupumzika. Mkono wa kushoto huweza kunyooshwa kidogo baada ya gia ya mwisho kutiwa, na miguu huweza kubadilishwa mahali. Lakini mkono wa kulia ndio ulioshika kishikio cha mafuta, nacho hakikubali kuachwa. Baada ya muda kidole cha mwisho na jirani yake huanza kufa ganzi, na kifundo cha mkono huuma. Mtu abebaye abiria na mitungi ya maziwa tangu alfajiri hadi magharibi huipeleka ganzi hiyo nyumbani, akala nayo chakula cha jioni.

Kwa hiyo si ajabu kwamba waendeshaji hutafuta hila ya kuupumzisha mkono. Hila iliyo rahisi kupita zote ni kipande cha mpira wa tyubu kilichokatwa na kuzungushiwa kishikio hata kikabana na kukaa pale kilipoachwa. Hakina gharama, na fundi hahitajiwi. Walakini kabla ya mtu kukifunga kipande hicho, yampasa afahamu kwanza ni kitu gani anachokizuia.

Kishikio cha pikipiki nyingi zionekanazo Sotik, yaani zile za India na China zenye injini ya silinda moja, kimeungwa na waya mwembamba wa chuma upitao ndani ya ala mpaka kwenye kabureta. Kikizungushwa kumwelekea mwendeshaji, waya huvutwa, mlango wa kabureta hufunguka, na hewa pamoja na petroli huingia kwa wingi zaidi. Kikiachwa, springi huurudisha mlango ukafungwa. Springi hiyo ndiyo inayouchosha mkono, nayo ndiyo inayomwokoa mwendeshaji. Akitupwa na shimo la barabarani, au akishtuka na kuachilia mikono, injini hupungua nguvu pasipo kuamriwa na mtu. Jambo hili lina uzito mkubwa hata Marekani wakaliandika katika viwango vyao vya usalama: kishikio cha mafuta cha pikipiki sharti kijirudishe chenyewe mara mkono unapokiachilia. Basi afungaye kipande cha tyubu huiondoa kazi ya springi bila kuweka kitu kingine mahali pake.

Hata hivyo liko kosa jingine, nalo halionekani upesi. Wengi hudhani kwamba kukishika kishikio mahali pamoja ni sawa na kuushika mwendo. Sivyo hata kidogo. Kikazwe kishikio mahali penye tambarare, pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa. Ikianza kupanda kilima, mafuta ni yale yale lakini kazi imeongezeka, kwa hiyo mwendo hupungua hata gia ikataka kurudishwa. Ikivuka kilele na kuanza kushuka, mafuta yangali yale yale na kazi imetoweka, kwa hiyo mwendo huzidi, na huzidi pale pale ambapo mwendeshaji angetaka upungue. Nchi ya Sotik na Kericho ni nchi ya mawimbi: kilima, bonde, daraja, kilima tena.

Tofauti hii kati ya kushika mafuta na kushika mwendo mafundi waliijua zamani sana. Mwaka 1788 James Watt, Mskoti, alitia katika injini ya mvuke chombo chenye mipira miwili mizito iliyoning'inia na kuzunguka. Injini ikizidi kasi, mipira hutawanyika na kuinuka, ikaupunguza mvuke. Injini ikilegea, mipira hushuka na mvuke ukaongezeka. Hakuna mtu aliyesimama hapo kuongeza wala kupunguza. Chombo cha ukoo huo huo kimo mpaka leo katika trekta livutalo tela la majani chai. Dereva wa trekta huuweka mkono wa mafuta mahali fulani akauacha, na trekta hupanda na kushuka pasipo kubadili sana mngurumo wake, maana ndani ya mashine mna kidhibiti kiongezacho dizeli mzigo unapozidi na kuipunguza unapopungua. Mwendeshaji wa pikipiki amwonapo dereva huyo amekaa starehe huweza kumwonea kijicho, akafikiri kwamba kipande cha tyubu kitampa starehe ile ile. Lakini trekta lina kidhibiti; pikipiki yake haina.

Kwa magari madogo, aliyeitafuta njia hiyo ni mtu ambaye hangetazamiwa kabisa. Ralph Teetor, mhandisi wa jimbo la Indiana huko Marekani, alizaliwa mwaka 1890 naye alipofuka macho angali mtoto wa miaka mitano. Yasimuliwa kwamba alikuwa akichukuliwa garini na wakili wake, na kila wakili alipozungumza gari lilipunguza mwendo, na kila aliponyamaza kusikiliza liliongeza. Mwenye macho hakulitambua jambo hilo. Asiye na macho alilisikia mwilini na kuudhika nalo. Teetor alipata hataza ya chombo chake mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ilianza kukiuza katika magari yake ya mwaka 1958. Siku hizi mafundi hukiita kruzi. Kazi yake ni ile ya mipira ya Watt: hupima mwendo, huulinganisha na ule alioutaka dereva, kisha huongeza au kupunguza mafuta. Nacho hujiondoa mara breki inapoguswa, na bila sharti hilo chombo chenyewe kingekuwa mtego.

Vyombo viuzwavyo leo kwa ajili ya mkono wa mwenye pikipiki ni vya namna mbalimbali, na majina yake huchanganywa sana madukani. Kilicho kidogo kabisa ni kibao cha kiganja. Ni kipande cha plastiki kinachobanwa juu ya kishikio, kikatokeza nyuma chini ya kiganja, ili mtu aweze kusukuma kwa uzito wa mkono badala ya kukamata kwa vidole. Vidole hufunguliwa, damu hupita, na mkono ukiinuliwa springi hufanya kazi yake kama kawaida. Kina ila moja: kikiwekwa juu mno, mtu anyooshaye vidole kushika breki, au akataye kona kali kwa mwendo mdogo, hukikandamiza kwa kiganja bila kujua, na pikipiki ikaruka mbele wakati alipotaka isimame. Katika njia panda ya Kaplong, palipo na matatu, wauza mahindi na watoto wa shule, mruko wa hatua mbili tu watosha kuleta msiba. Kibao sharti kiwekwe chini kiasi, na mtu akijaribu kwanza mahali pasipo na watu.

Kinachofuata ni kikaza, yaani skrubu au kibano kinachoshika kishikio kwa msuguano. Kikaza kilichotengenezwa vema huruhusu mkono kukishinda: mwendeshaji akizungusha kwa nguvu kidogo, mafuta hufungwa hata kama kikaza kimekazwa. Kilichotengenezwa vibaya, au kilichochongwa kienyeji, hukataa. Na hata kilicho bora hakijui kitu. Hakijui kilima, hakijui breki, hakijui kwamba mbele kuna kituo cha biashara ambako sheria ya Kenya inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Huendelea kutoa mafuta kama kilivyoambiwa, hata mvua ya mawe ya alasiri, ambayo Kericho inajulikana kwayo, ikiwa imekwisha kuifanya lami kuwa nyeupe na telezi.

Kandokando ya barabara za nchi hiyo ndiko watu wauzako, wangojeako magari na wapumzikiako. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliwaua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakifanya shughuli zao. Pikipiki si lori. Lakini waliosimama kando ya barabara ni wale wale.

Namna ya tatu ni kruzi kamili, nayo kwa kweli ni habari ya skuta kubwa za safari za mbali. Skuta zilipoanza, Vespa mwaka 1946 na Lambretta mwaka 1947, zote mbili huko Italia, zilikuwa vyombo vidogo vya kwendea kazini na sokoni. Baadaye zikatengenezwa kubwa kama Suzuki Burgman 650, zenye viti vipana na kioo cha kuzuia upepo, na wenye skuta hizo wakaanza kuvuka nchi nzima kwa siku moja. Hapo ndipo mkono wa kulia ulipolalamika. Yamaha ilitia kruzi ya kiwandani katika skuta yake ya TMAX DX ya mwaka 2017. Lakini wenye skuta zisizo nayo walikuwa wamekwisha kujifungia zao, wakitumia vyombo vilivyokusudiwa kwa magari.

Kazi hiyo ni ya kuvutia, na fundi wa Sotik aombwaye kuifanya yampasa ayajue mambo mawili matatu. Kwanza, skuta ya namna hiyo haina mkono wa klachi; mkono wa kushoto nao ni wa breki. Kwa hiyo nyaya za kuiondoa kruzi sharti ziungwe na swichi za breki zote mbili, ya kulia na ya kushoto, maana mwenye hofu hushika iliyo karibu. Kwa pikipiki yenye klachi yahitajiwa swichi ya tatu, ama sivyo klachi ikikamatwa injini hubaki haina mzigo na kunguruma kwa nguvu zake zote.

Pili, vyombo vingi vya zamani huuvuta waya wa mafuta kwa nguvu ya ufyonzaji itokayo katika njia ya hewa ya injini. Ufyonzaji huo huwa mkubwa mlango wa mafuta unapokuwa umefungwa kidogo, nao hupungua mlango unapofunguka. Maana yake ni kwamba katika kupanda kilima, chombo hudhoofika wakati ule ule kinapotakiwa kuvuta zaidi. Mafundi huweka kopo la akiba lenye vali ya kupitisha upande mmoja, ili ufyonzaji uliohifadhiwa tambarare utumike mlimani. Lakini Kericho iko mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo uzito wa hewa ni kama sehemu nne kwa tano tu za ule wa Mombasa. Chombo kifanyacho kazi vizuri katika pwani huja hapa na upungufu kabla hata hakijaanza kupanda. Vyombo vipya vyenye mota ya umeme havina udhaifu huo.

Kwa bodaboda ya kawaida hesabu hii haikubali. Mzigo wake hubadilika kila kituo: mara abiria mmoja, ambaye ndiye peke yake aruhusiwaye na kanuni za mwaka 2015, mara gunia la kabichi, na mara, kinyume cha kanuni, watu watatu. Mahali ambapo kruzi au kikaza kizuri kingepata kazi ya kweli ni kule mbele ya Bomet, baada ya kuvuka Mulot, barabara inapoingia katika mashamba ya ngano kuelekea Narok na kunyooka kwa muda mrefu. Mtu wa Sotik aendaye Narok mara moja kwa mwezi haitaji kifungo cha kila siku kwa ajili ya safari hiyo. Aweza kusimama Mulot akanyoosha mkono na kunywa chai.

Lililo jema ni kwamba sehemu kubwa ya uchovu wa mkono haitoki katika springi, bali katika waya uliokauka. Vumbi la barabara za mashambani na maji ya mvua huingia ndani ya ala, waya ukakwaruza, na mwendeshaji akalazimika kuvuta mara mbili ya ilivyokusudiwa. Matone machache ya mafuta laini yakitiwa juu ya waya na kuachwa yateremke hurudisha wepesi ambao wengi wamesahau kwamba ulikuwako. Waya uliochanika nyuzi haufai kutiwa mafuta, hubadilishwa. Kishikio kiwe na ulegevu wa milimita 2 hadi 6 kabla ya kuanza kuvuta. Kishikio kinene chenye mpira laini, na vyuma vidogo vizito katika ncha za usukani, hupunguza mtikisiko uletao ganzi.

Kisha kuna jaribio moja ambalo halihitaji spana. Injini ikiwa imezimwa, usukani huzungushwa mpaka mwisho upande wa kushoto, kishikio kikavutwa chote na kuachiliwa. Halafu vivyo hivyo upande wa kulia, na mara ya tatu usukani ukiwa umenyooka. Kila mara sharti kirudi kwa mshindo, tap! Kikirudi polepole, au kikisimama njiani, pikipiki hiyo haijafaa kubeba mtu, na kibao au kikaza chochote kilichofungwa hutolewa kwanza ili ijulikane kama kosa ni lake au ni la waya.