Magamba ya soriasisi hayaambukizi, na bakteria hawayapendi

Uko kwa kinyozi, unangoja zamu. Jamaa aliye kwa kiti ana mabaka ya rangi ya zambarau nyuma ya kichwa, na juu yake magamba ya kijivu. Najua unachowaza: hiyo mashine itaniachia choa. Kama ni soriasisi, tulia. Haishikwi kwa mashine, kwa taulo wala kwa kusalimiana. Tena hapo penye magamba, bakteria wana kazi ngumu kuliko kwa ngozi yako.

Ngozi hujitengenezea dawa. Ni vipande vidogo vya protini viitwavyo peptidi, vyenye chaji chanya. Utando wa bakteria una chaji hasi, kwa hivyo peptidi hunata hapo na kuutoboa. Ukijikata na wembe, ngozi huzitoa kwa wingi.

Mwaka 1997, watafiti wa Kiel, Ujerumani, walichunguza magamba yaliyobanduka kwa wagonjwa wa soriasisi (ndiyo, kuna watu kazi yao ilikuwa kuyakusanya). Humo wakapata peptidi mpya, beta-defensini 2, inayoua bakteria wa aina ya E. koli na hata kuvu wa kandida. Yale watu hufagia kwa aibu yalikuwa yamejaa silaha.

Linganisha na ukurutu. Nao huwasha na kupasua ngozi, lakini peptidi haziongezeki vya kutosha, na stafilokokasi hujazana hapo. Mwenye ukurutu hutunga usaha mara kwa mara. Mwenye soriasisi, ni nadra.

Sasa mbona anateseka? Kwa sababu ulinzi haujui kuzima. Peptidi moja, LL-37, hushikana na DNA ya seli zako mwenyewe zilizokufa. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba kinga ya mwili huona mchanganyiko huo kama virusi, ikapiga king'ora. Ngozi inavimba, inatoa peptidi zaidi, king'ora kinaendelea. Seli zinazochukua takriban mwezi kukomaa hufika juu kwa siku chache tu. Hayo ndiyo magamba.

Ndiyo maana ile krimu ya choa unayouziwa dukani bila kupimwa haitasaidia. Krimu kali ya steroidi ukijipaka miezi na miezi itakonda ngozi. Muone daktari wa ngozi: kuna steroidi za kipimo, krimu za jamii ya vitamini D, tiba ya mwanga, na methotrexate kwa hali mbaya.

Mwambie pia kama madoa madogo kama matone yalitokea baada ya koo kuuma; bakteria wa koo huweza kuamsha soriasisi, hasa kwa vijana. Na vidole vikivimba na kukaza asubuhi, usingoje. Ugonjwa huu huingia kwenye viungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi kilivyokuwa.