Safari Tupu za Makobola na Jumla Isiyo na Mwisho

Giza likishaingia, mtu aliyesimama ufukweni Makobola, kando ya barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka, huona taa zimetapakaa ziwani. Ni wavuvi wa ndakala, dagaa wadogo wa Ziwa Tanganyika. Wamefunga mitumbwi pamoja, wameshusha wavu, na sasa wanangoja mwanga ufanye kazi yake: uvute vijidudu vya majini, ndakala wavifuate vijidudu, na samaki waitwao mikebuka wawafuate ndakala. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, kwa hiyo wengi hulala nyumbani.

Kuna alfajiri wavu unapanda umejaa, na kuna alfajiri unapanda na maji tu. Hapo ndipo hesabu inapoingia, na naamini inawahusu wavuvi hawa kuliko watu wengi wanaoisoma chuoni.

Tuchukue namba nyepesi za mfano. Tuseme safari 1 kati ya 3 hurudisha gharama ya mafuta na betri pamoja na faida, na kwamba kila safari inajitegemea. Je, watu wa mtumbwi mmoja watatoka mara ngapi mpaka waipate safari njema ya kwanza? Huenda mara 1, huenda 2, huenda 9. Hakuna namba unayoweza kuisimamia ukasema, hapa lazima wapate. Kigeu nasibu cha aina hii huruka kutoka namba nzima moja hadi nyingine bila kikomo, kwa hiyo hata wastani wake unadai tujumlishe vitu visivyokwisha.

Inatisha kwa kusikia, lakini njia ni fupi. Uliza uwezekano wa kila safari kuhitajika. Ya kwanza inahitajika kwa vyovyote: 1. Ya pili inahitajika tu kama ya kwanza ilikuwa tupu: 2/3. Ya tatu, kama zote mbili zilikuwa tupu: 4/9. Kila safari inayohitajika huongeza 1 kwenye hesabu, basi wastani ni 1 + 2/3 + 4/9 + 8/27 na kuendelea. Iite jumla hiyo S. Ukiizidisha kwa 2/3 unapata mfululizo uleule, ila ile 1 ya mwanzo haipo. Kwa hiyo S ukitoa theluthi mbili zake inabaki 1, na S ni 3.

Lakini wastani hauonyeshi yote. Mtumbwi unaopata kila safari ya tatu bila kukosa una wastani wa 3, na huu wetu wa bahati una wastani wa 3 vilevile. Maisha ya familia zinazotegemea mitumbwi hiyo miwili hayafanani hata kidogo. Kinachowatenganisha ni variansi: wastani wa kipeo cha pili cha idadi ya safari, ukitoa kipeo cha pili cha wastani.

Sehemu hii ndiyo naipenda zaidi. Ukijumlisha namba witiri kwa mpangilio unapata vipeo vya pili: 1, kisha 1 + 3 ni 4, kisha 1 + 3 + 5 ni 9. Basi safari ya kwanza inapohitajika huongeza 1, ya pili huongeza 3, ya tatu huongeza 5. Wastani wa kipeo cha pili, yaani jumla tunayoitafuta, ni 1 + 3 × 2/3 + 5 × 4/9 + 7 × 8/27 na kuendelea, iite T. Fanya ujanja uleule: toa theluthi mbili za T kutoka kwa T. Kila kipengele baada ya cha kwanza kinabaki na 2 tu mbele yake, yaani 1 + 2 × (2/3 + 4/9 + 8/27 …), nayo ni 1 + 2 × 2, yaani 5. Theluthi moja ya T ni 5, kwa hiyo T ni 15. Toa 9, kipeo cha pili cha wastani, na variansi ni 6.

Katika karne ya 14 Nicole Oresme wa Ufaransa alikuwa tayari akipata jumla za namna hii kwa kuchora maumbo na kupanga upya vipande vyake. Mwaka 1689 Jacob Bernoulli wa Basel alionyesha kwamba 1/2 + 4/4 + 9/8 + 16/16 na kuendelea ni 6 kamili. Kwetu hiyo ni T ya mtumbwi unaopata safari 1 kati ya 2, ila hapa kila kipeo cha pili kimezidishwa moja kwa moja kwa uwezekano wake. Wastani wake ni 2, na variansi ni 6 ukitoa 4, yaani 2.

Turudi kwa mtumbwi wetu. Kipeuo cha pili cha 6 ni karibu 2.45, kwa hiyo mtawanyiko unakaribia wastani wenyewe. Uwezekano wa safari 6 tupu mfululizo ni 64/729, karibu asilimia 9. Anayeweka akiba ya mafuta ya safari 3 kwa sababu wastani ni 3 atakwama mara nyingi: uwezekano wa kukosa zote 3 ni 8/27. Na baada ya safari 5 tupu, ziwa halidaiwi. Kama kila safari inajitegemea, wastani wa kungoja kuanzia hapo bado ni 3.

Ila ziwa lenyewe lina misimu. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, maji baridi yenye rutuba yakapanda upande wa kusini, na samaki huhama na chakula chao. Tuseme nusu ya nyakati za kungoja huangukia kipindi cha safari njema 1 kati ya 2, na nusu kipindi cha 1 kati ya 4. Wastani wa vipindi hivyo ni 2 na 4, na ukivichanganya unapata 3 ileile. Variansi zake ni 2 na 12, ambazo wastani wake ni 7. Ongeza 1 kwa sababu wastani wenyewe unatofautiana (2 na 4 ziko umbali wa 1 kutoka 3, na kipeo cha pili cha 1 ni 1), unafika 8.

Hili linaweza kupimwa kwa daftari na kalamu. Mtumbwi uandike kila alfajiri njema au tupu, kwa miezi mingi, kisha uhesabu urefu wa kila kungoja. Wastani ukitoka 3 na variansi ikawa juu sana ya 6, safari za Makobola hazina bahati ya aina moja mwaka mzima, na akiba ya mafuta inapaswa kupangwa kwa kufuata msimu.