Vilebrekeni ya okazioni kwa moteri ya turbo: ipimwe kabla ya kulipwa

Mwenye Toyota ya zamani yenye moteri ya 2L-T, akiambiwa katika garaji ya Goma ama Bukavu kwamba vilebrekeni imekufa, anawaza kwanza juu ya feza. Mara nyingi gari hilo ndilo linalolisha nyumba. Ndiyo sababu wengi wanachukua kipande cha okazioni cha kwanza kinachoonekana, na miezi michache kisha wanarudi garajini na moteri ileile.

Hatari kubwa ni kufanana. 2L-T na 3L ni moteri za jamaa moja, na kwa macho vilebrekeni zao ni rahisi kuchanganya. Lakini ndani ya 2L-T pistoni inatembea milimita 92, na ndani ya 3L milimita 96. Ukifunga ya 3L huku pistoni na biele za 2L-T zimebaki, kila pistoni itapanda milimita 2 zaidi. Katika dizeli, nafasi kati ya pistoni na kulasi haifiki hata hizo milimita 2. Vyuma vitagongana siku ya kwanza.

Hata ile ya 2L isiyo na turbo, ingawa mwendo wake ni milimita 92 vilevile, isichukuliwe bila kulinganisha namba ya kipande. Turbo inasukuma hewa nyingi, na pistoni inapiga kwa nguvu zaidi.

Kisha kinakuja kipimo. Fundi anapima kwa mikrometa kila sehemu inapokaa kusinete, akigeuza pande mbili, sababu chuma kilichotumika huwa kinapoteza uviringo. Kama ilikwisha kusagwa milimita 0,25, inadai kusinete za 0,25. Ikisagwa tena hadi 0,50, ni vizuri kusinete hizo ziwe zimekwisha kupatikana sokoni kabla ya mashine kuwashwa. Wengi wamebaki na chuma kizuri kisicho na kusinete. Kona za pembeni zibaki za mviringo. Kona kali ndipo ufa unapoanzia.

Mafundi wa zamani wanaining'iniza vilebrekeni na kuigonga polepole kwa nyundo: nzima inalia kama kengele, yenye ufa inatoa sauti nzito. Hiyo inasaidia kukataa kipande kibaya, lakini haitoshi kukubali kizuri. Palipo na kifaa cha kutafuta ufa kwa sumaku, gharama yake ni ndogo mbele ya ile ya kufungua moteri mara ya pili.

Inabaki mafuta. Turbo inakunywa mafuta yaleyale ya moteri. Vumbi la chuma lililoachwa na kusinete za zamani likibaki katika njia za mafuta ama katika radiata ya mafuta, litakula kusinete mpya pamoja na turbo. Njia zote zisafishwe, pompi ya mafuta ipimwe, na fundi aeleze sababu iliyoua vilebrekeni ya kwanza kabla hajafunga ya pili.