Kisukari na Chungu cha Nyumbani

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za michezo, safari na mashairi. Leo napenda kueleza habari za maradhi ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ya Wazungu na matajiri, lakini siku hizi yamepiga hodi katika nyumba nyingi za Uganda, mjini na shamba. Maradhi hayo ni kisukari. Sitaeleza mambo yake yote, maana ni mengi. Nataka kulijibu swali moja tu: mtu mzima akiambiwa leo na daktari kwamba ana kisukari cha aina ya pili, kesho ale nini?

Swali hili latuhusu sote. Wanafunzi wa zamani wa shule hii, wengi wao wamekwisha pita miaka 40. Hukaa kitini kutwa, huenda kazini kwa gari au kwa bodaboda, na jioni hukaribishwa soda na nyama ya kuchoma. Nanyi mlio darasani mna baba, mama, shangazi na babu. Mara nyingi kijana anayesoma ndiye anayepewa karatasi ya hospitali awasomee wazee. Akiieleza vibaya, nyumba nzima hupotea njia.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Vyakula vya wanga, kama ndizi, posho, muhogo, viazi na wali, vikifika tumboni huvunjwa vikawa sukari, nayo huingia katika damu. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, ambacho hutoa insulini. Kazi ya insulini ni kuitoa sukari katika damu na kuiingiza katika nyama za mwili, ipate kutumika kama kuni jikoni. Katika kisukari cha aina ya pili, mwili hauitii insulini kama ipasavyo, na kongosho nalo halitoi ya kutosha. Basi sukari hubaki katika damu, na nyingine hutoka kwa mkojo. Ndiyo sababu waganga wa kale wa Bara Hindi waliandika kwamba sisimizi hukusanyika penye mkojo wa mgonjwa wa namna hii.

Dalili zake ni kiu kisichokatika, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, uchovu, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona upesi. Lakini wengi hawana dalili yo yote. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu waliokuwa na kisukari hawakuwa na habari nacho. Njia ya kujua ni kupimwa damu asubuhi kabla ya kula. Kipimo kikifika miligramu 126 katika desilita moja, au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kikawa vile vile, huo ni ugonjwa.

Sukari nyingi ikikaa katika damu miaka mingi huharibu mishipa. Mtu aweza kupofuka, figo zaweza kushindwa kazi, moyo waweza kupata taabu, na kidonda kidogo cha mguu chaweza kuishia mguu kukatwa. Mambo haya hayatokei kwa siku moja, na mara nyingi huweza kuzuiwa. Kwa hiyo sahani ya kesho si jambo la mzaha.

Sasa basi, watu wakisikia neno kisukari huingia katika makosa mawili. Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba sukari ni ile ya kopo tu. Mtu huacha kutia sukari katika chai, akajisifu, kisha hukaa mbele ya mlima wa matoke au posho. Hajui kwamba gramu 100 tu za wali uliopikwa zina wanga kiasi cha gramu 28, na muhogo uliochemshwa una zaidi ya gramu 30. Wanga wote huo utakuwa sukari katika damu yake.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Mgonjwa huambiwa na jirani, "Usile tena ndizi, usile posho, usile wali. Nunua mkate mweusi na matofaa ya dukani." Mama wa nyumba humpikia peke yake katika sufuria ndogo, naye hula pembeni kama mgeni aliyekosa adabu. Fedha huisha upesi, na moyo huvunjika. Baada ya majuma mawili au matatu hurudia sahani yake ya zamani, na safari hii hataki kusikia tena habari za mashauri. Wengi hushindwa hivyo, si kwa ulafi, bali kwa sababu waliagizwa jambo lisilowezekana nyumbani mwao.

Kweli yenyewe ni nyepesi kuliko hayo. Chungu ni kile kile cha watu wote. Kinachobadilika ni kipimo. Na chakula hicho kikipimwa vema chawafaa wote waliokaa mkekani, maana ndugu wa mgonjwa nao wamo katika hatari ya kuupata ugonjwa huu.

Tuanze na vinywaji, kwa kuwa hapo ndipo faida huonekana upesi. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari yapata gramu 30, yaani vijiko 7 au 8 vya chai. Sukari ya kunywa haina kizuizi. Huingia katika damu mbio. Juisi ya matunda, hata ikikamuliwa nyumbani, ni karibu sawa na soda. Asali na sukari guru ni sukari pia. Tena wako watu ambao wakijisikia wanyonge hununua unga wa glukosi wakanywa ili wapate nguvu. Mwenye kisukari ambaye sukari yake iko juu akifanya hivyo anatia mafuta motoni. Na anywe maji, na chai au kahawa bila sukari. Majuma ya kwanza chai itaonekana kama dawa, lakini ulimi huzoea.

Pili, tupange sahani. Chukua sahani ya kawaida, isiyo na kina, uigawe kwa macho. Nusu yake iwe mboga: mchicha, sukuma, kabichi, bilinganya, nyanya chungu, majani ya maboga. Robo moja iwe chakula cha kujenga mwili: maharagwe, kunde, samaki, mayai, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyobaki ndiyo ya matoke, posho, viazi, muhogo au wali, kiasi cha ngumi ya mlaji mwenyewe. Angalia neno "au". Katika karamu zetu ni desturi kupakua vyote vitano pamoja, kila kimoja kidogo, na jumla yake ni kilima. Mwenye kisukari na achague kimoja, au viwili vilivyogawana robo ile moja.

Maharagwe yastahili kusifiwa. Yana wanga, lakini yana pia nyuzinyuzi nyingi, na kwa hiyo sukari yake huingia katika damu polepole. Dagaa wa ziwani, waitwao mukene, ni chakula cha bei nafuu na chenye nguvu. Mchuzi wa karanga ni mzuri, ila una mafuta mengi, basi uwe wa kijiko, usiwe wa bakuli. Uji wa ulezi umepata sifa ya kuwa chakula cha wagonjwa wa sukari. Ni kweli kwamba ulezi usiokobolewa wapita unga mweupe wa mahindi, lakini nao ni wanga. Anayekunywa lita nzima kwa kutegemea sifa hiyo anajidanganya. Matunda yasiachwe, ila yaliwe mazima, si kwa kukamuliwa, na kwa kiasi: chungwa moja, au kipande cha papai, au tembe chache za fenesi.

Tatu, utaratibu wa kula. Yafaa kuanza na mboga na maharagwe au samaki, na kumalizia na wanga. Madaktari waliolipima jambo hili waliona kwamba sukari ya damu haipandi juu sana kama ilivyo wanga ukitangulia. Kisha baada ya kula, badala ya kujinyosha kitini, mtu atembee dakika 10 au 15. Nyama za miguu zikifanya kazi hula sukari ile iliyomo katika damu.

Nyuzinyuzi nilizozitaja zina historia ya hapa hapa kwetu. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Mulago, Kampala, miaka mingi kabla ya uhuru, na Daktari Denis Burkitt alifika Uganda mwaka 1946. Wote wawili waliona kwamba maradhi mengi yaliyowajaza wagonjwa katika hospitali za Ulaya yalikuwa haba kwa watu wa mashamba waliowatibu hapa. Mwaka 1975 walitoa kitabu pamoja, wakasema kwamba vyakula vilivyokobolewa na kuondolewa nyuzinyuzi vina sehemu kubwa katika maradhi hayo. Si kila walilosema limethibitishwa, lakini dunia ilisikia. Chakula cha nyanya zetu, pamoja na kazi ya jembe, kilikuwa kikilinda watu pasipo mtu kukiita dawa.

Nne, uzito. Zamani ilisemwa kwamba kisukari cha aina ya pili kikiingia hakirudi nyuma kamwe. Mwaka 2017 walitoa habari mpya madaktari wa Uskoti na wa kaskazini ya Uingereza, wakiongozwa na Michael Lean wa Glasgow na Roy Taylor wa Newcastle. Waliwachukua watu wanene waliokuwa wamepata ugonjwa huo kwa muda usiozidi miaka 6, wakawapa chakula kidogo sana kwa miezi 3 hata 5, chini ya uangalizi. Mwisho wa mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imetulia bila dawa yo yote, na waliopunguza kilo 15 au zaidi ndio waliofanikiwa kupita wote. Imetulia, nasema, sisemi wamepona. Uzito ukirudi, ugonjwa nao hurudi.

Habari hiyo ni njema, hasa kwa yule aliyeambiwa juzi tu. Lakini isomwe kwa akili. Madaktari wa Uganda wameona kwamba si wachache kati ya wagonjwa wetu walio wembamba tangu mwanzo. Mtu mwembamba akijishindisha na njaa atadhoofika bure. Kwa hiyo kila mmoja na apimwe, ajue hali yake, afuate shauri lililo lake.

Yapo maonyo mengine mawili. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, asipunguze chakula bila kumwambia daktari, maana sukari yaweza kushuka mno. Akitetemeka, akatoka jasho baridi na kuchanganyikiwa, apewe mara moja vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji, kama aweza kumeza. Tena kipo kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza katika utoto au ujana. Huyo hana insulini mwilini. Chakula peke yake hakiwezi kumwokoa, na kuacha sindano ni kufa. Mtu asimdanganye kwa majani wala kwa maombi ya kulipiwa.

Limebaki jambo la heshima. Kwetu mtu mnene huambiwa amenawiri, na mgeni asiyemaliza chakula huonekana ana dharau. Baba wengi huharibu juma zima la juhudi kwa siku moja ya arusi, kwa kuona haya. Hapa ndipo vijana mnapoweza kusaidia. Mkitumwa kuwanunulia wageni soda, leteni na maji. Mkiwapakulia wazee, pakueni mboga kwanza, wanga mwisho. Mama akiuliza karatasi inasema nini, msimwambie kwamba baba amekatazwa kula. Mwambieni kwamba baba atakula pamoja nasi, na kwamba sote tutapunguza. Nanyi wanafunzi wa zamani, mkimwalika rafiki aliye na kisukari, msimbembeleze aongeze. Ukarimu ni kumtakia mgeni wako afike kwake salama.

Baada ya miezi 3 hospitali huweza kupima damu kwa njia ionyeshayo sukari ilivyokuwa siku zote hizo, wala si ya asubuhi ile tu. Hapo sahani itatoa ushahidi wake. Asiyepimwa na akapimwe; aliyeambiwa na aanze leo, angali ana macho na miguu yote miwili. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.